Mkono Kwenye Eksirei

Ijumaa moja ya mwaka tisini na saba, saa nne asubuhi, Castory wa chumba cha eksirei alimlaza Manariyo kiubavu, akampitishia dawa inayong'aa kwenye picha kwa mpira wa mkojo, akamwambia abane pumzi. Alikuwa mgonjwa wa nane. Umeme ulishakatika mara mbili, na Castory alikuwa amechoka, basi tu.

Manariyo alikuja na lori la alfajiri kutoka kambi ya wakimbizi wa Burundi. Tangu apasuliwe kujifungua mwaka juzi, mkojo ulimtoka bila taarifa, na damu ya kila mwezi ilipita humo humo kwenye mkojo. Mume alishahamia hema jingine. Kwenye foleni ya maji wanawake walimpisha, wala si kwa heshima.

Picha ilionyesha kila kitu. Dawa ilikuwa imevuka kutoka kibofuni hadi kwenye mji wa mimba kupitia tundu dogo, na kando ya tundu palikuwa na mkono wa mtu mzima, umeshika sindano na uzi, unashona. Kidole cha mwisho kilikuwa kimepinda.

"Umejitikisa," Castory alisema.

"Si mimi, kaka. Ni huo mkono."

"Basi uambie utulie, filamu zimebaki mbili."

Akauambia kwa Kirundi. Mkono ukatulia, picha ya pili ikatoka safi, mkono ukionekana wazi.

Nesi Melania aliianika kwenye kamba pamoja na nyingine za wiki hiyo. Ilikuwa mikono sita, yote ina kidole kilichopinda. Akapangusa matone sakafuni, akaenda kunywa chai.

Msomaji wa picha alikuwa Daktari Dismasi, yule yule aliyempasua Manariyo kambini kwa haraka. Aliiinua picha dirishani, na kidole chake kilichopinda kikalala sawasawa juu ya kile cha kwenye picha. Aliyeumizwa wakati wa kujifungua huandikiwa kwenda kwa mabingwa wa kuziba tundu. Aliyezaliwa nalo hurudishwa kambini. Dismasi akaandika huku akitamka: amezaliwa nalo.

"Daktari, mimi sikuzaliwa na mkono wako."

"Picha nzuri sana, mama. Mshukuru Castory."

Jamani, nani wa kubishana na fomu iliyokwishapigwa muhuri? Lori la kurudi lilipoupita mji mdogo wa Mwandiga, kitenge kikalowa tena. Manariyo akaweka kiganja chini ya kitovu. Mkono ulikuwa umeanza upya.

"Nawe pumzika," aliuambia. "Mimi nimechoka."

Ukashona hadi kambini.