Mwezini Wamefika, Nyumbani Bado

Pale redioni walimwita Kalenda, naye jina hilo alilivaa kama joho la mahafali. Kila asubuhi aliendesha kipindi cha "Siku Kama ya Leo", akiwaeleza watu wanaopiga mswaki nani alizaliwa na nani alipinduliwa. Hawakuwa wameuliza, lakini msomi hangoji kuulizwa.

Ilipofika tarehe ishirini Julai, alijisogeza kwenye maikrofoni kama bwana harusi.

"Siku kama ya leo, wapendwa, mwaka 1969, binadamu alitua mwezini! Miaka saba baadaye, tarehe hiyohiyo, chombo kikatua kwenye sayari ya Mirihi. Na mwaka 1944, maofisa wa Ujerumani walimtegea dikteta wao bomu ndani ya mkoba. Mkoba ukasogezwa nyuma ya mguu wa meza, dikteta akapona, suruali ikachanika. Heshimuni meza zenu!"

Akacheka peke yake, kama kawaida. Nyuma ya kioo, fundi mitambo akamwashiria kuwa kuna simu.

"Karibu, msikilizaji! Una swali?"

"Sina swali, nina nyongeza," ilisema sauti ya mwanamke, cherehani ikinguruma nyuma yake. "Kuna tukio umeliruka."

"Mimi?" Kalenda alitabasamu kwa huruma. "Haya, dada, tufumbue macho."

"Siku kama ya leo, miaka kumi na miwili iliyopita, mwanamke mwenye akili zake timamu alikubali kuolewa. Wataalamu mpaka leo hawajui kwa nini."

"Haa! Na huyo maskini ni nani?"

"Ni mkeo, mume wangu."

Asilaumiwe sana kwa kutoitambua sauti. Nyumbani msemaji alikuwa yeye. Ya mkewe angeizoea lini? Fundi mitambo alikipa kioo kisogo, mabega yakimtikisika.

"Mke wangu," Kalenda alijitetea haraka, "nilikuwa naliweka la mwisho. Kama zawadi."

"Mwaka jana ulisema hivyohivyo. Mwaka juzi ukasema tarehe zimegongana. Na nini?"

"Na... mwezi."

Simu zikamiminika. Kinyozi mmoja alisema, "Kaka, wenzio mwezini wamefika, wewe nyumbani bado!" Akafuata mama mkwe mwenyewe, kwa upole wa kutisha: "Mwanangu, mimi nilisema tangu siku ya posa."

Mkuu wa kituo, ambaye asubuhi huwa haonekani, akaingia studio mbio wakati muziki ukipigwa. Kalenda akajua kazi imeota mbawa.

"Yule mama ni nani?"

"Mke wangu, mkuu. Nitamkanya."

"Umkanye? Mlete!"

Jioni Kalenda alirudi na keki iliyoandikwa "Hongera kwa Kustaafu", maana dukani ilibaki hiyo tu. Mkewe aliisoma, akaitazama tena, akacheka mpaka akakaa sakafuni. Akala vipande viwili, kisha akamsamehe, nusu.

Wiki iliyofuata kipindi kilikuwa cha wawili. Kalenda alisoma vita na wafalme, haraka haraka, kwa sababu wasikilizaji walikuwa wakimngoja fundi cherehani na historia ya nyumbani kwake. Alianza na siku mumewe alipokosea msiba, akalia kuliko wafiwa, akatoa na hotuba ndefu kuhusu marehemu asiyemjua.

"Ilikuwa hotuba nzuri," Kalenda alijitetea.

"Nzuri sana, mume wangu. Marehemu alikuwa mwanamke, wewe ukamsifia ndevu."