Wimbo Uliorushwa Kasulu

Mama Esteri aliutunga wimbo ule njiani, siku alipomzika mwanawe wa kwanza porini wakati wakikimbia vita Burundi. Hakuwahi kuuimba kanisani wala msibani. Aliuimba shambani kwake Kitahana akidhani yuko peke yake, na ndiko binti yake Divine alikoudaka.

Basi Firdausi alipousikia na kusema, "Huo ndio moyo wa kazi yetu," Divine alisita.

Kazi hiyo waliibuni wote wawili, mashoga wa tangu sekondari. Waliiita "Nitazame": ngoma, kwaya, inanga ya Divine, kinanda cha nyuzi cha Kirundi, na nyuma yao pazia kubwa likionyesha vidole vikiteleza juu ya simu. Picha zikizidi kasi, sauti zingenyamaza moja moja, hadi pazia liwe jeusi, ibaki inanga na Divine tu, watu wasikilize kitu kimoja. Simu zingeachwa mlangoni.

Firdausi alisafiri hadi Kitahana kumwomba mama mwenyewe.

"Wausikie waliokaa mle ndani tu," mama alisema. "Usiende kwenye masimu."

"Wallahi, mama, hautatoka."

Siku ya onyesho ukumbi wa Kasulu ulijaa, mama yuko safu ya mbele. Ngoma zilinyamaza, kisha kwaya. Divine akainamia inanga, akaimba. Alipofika pale mtoto anapoitwa jina lake, akasikia kicheko ukumbini.

Akageuka. Uso wake mwenyewe ulijaa pazia zima, mioyo myekundu ikipanda juu yake, na maneno yakipita: *Dada vipi, unatubembeleza tulale? Tupieni ya kuchezeka bana!* Kompyuta ya Firdausi, iliyoendesha picha za pazia, ilikuwa ikirusha onyesho mtandaoni kwa siri, na sasa ilikuwa imejianika yenyewe.

Divine akaweka kiganja juu ya nyuzi. Firdausi, mezani kwake, hakuinua hata kichwa. Alikuwa anawajibu watu, anatabasamu.

Mama akasimama, akajifunika kitenge usoni, akatoka. Divine akaiacha inanga pale pale, akamfuata.

Firdausi aliwakuta nje, anahema. "Divine, rudi! Wanatutazama mpaka Kanada!"

"Mama alikuwa mbele yako. Ulimwona alivyojifunika?"

Firdausi akamtazama mama, kitenge kingali usoni. Hakuwa amemwona.

Aliifuta video usiku ule ule, lakini wenzake wa mtandaoni walishaichukua wakaitia mdundo. Wiki iliyofuata ilikuwa inapigwa stendi ya Kibondo, vijana wanaichezea.

Firdausi akaja Kitahana, akapiga magoti mlangoni. Mama alimwinua, akampakulia ugali na maharage, akasema, "Nimekusamehe, mwanangu." Wala hakuwa anaigiza.

Divine alimsindikiza hadi barabarani, maana mgeni husindikizwa. Gari lilipoonekana, Firdausi akamshika mkono. "Mama kanisamehe. Na wewe?"

"Mimi bado," Divine alisema, akautoa mkono wake na kulipungia gari lisimame.