Mlima Uko Kushoto

...tena imeanza, sindano ya kuonyesha njia ya ndege inasogea kushoto, na Wenseslaus anajua kabisa maana yake, amechepukia kulia, ameuacha mstari wa kiwanja cha ndege, inambidi akate kushoto, lakini kushoto ndiko uliko mlima, na mkono hautaki, mkono mkaidi huu, mlima gani na wewe umefungiwa kwenye kisanduku cha mazoezi, ndani ya chumba, Moshi mjini, mfuniko juu ya kichwa asione nje, ndege isiyoruka wala kuanguka... haianguki sawa, ila yeye ataanguka mtihani, hii ni mara ya tatu, leo akikosa anaondolewa kwenye kozi, arudi Kirua Vunjo mbele ya wote waliomchinjia mbuzi siku anaondoka, "Futi elfu moja," sauti ya Mwalimu Ebenezeri masikioni, taratibu, haikaripii, mwingine angeshamtimua, huyu jana alimkalisha akamwambia, "Wewe unaukimbia mlima, baba. Wenzako wa Tabora hawaukimbii, hawakuzaliwa nao," na ni kweli, Mungu ambariki mzee huyu, wenzake wakifunikwa wako gizani tu, yeye yuko mgombani, mlima anaujua ulipo hata kwa kisogo, "Mia tisa. Sindano, Wenseslaus," ndiyo mwalimu, naiona... Bibi Mektrida, kila asubuhi, rozari shingoni, kabla hajasalimiana na mtu anaugeuzia mlima uso na kushukuru, hata masika, ukungu mzito migomba yenyewe huioni, anageuka vilevile, na yeye mtoto mtundu akacheka, bibi, unageukia wapi, mbona haupo, "Kwani nisipouona umehama?" akaendelea, akashukuru kwa mvua, kwa ng'ombe, kwa mjukuu asiye na adabu... anageukia, hakimbii, kila siku iendayo kwa Mungu aligeukia asichokiona na hakukosea hata mara moja, na mjukuu kasomeshwa na taifa, kapewa na sindano ya kumwonyesha, bado anabisha! anacheka peke yake, machozi yanamlenga, jamani, watu wamempenda, hakujua wamempenda kiasi hiki, mkono unalegea, unakwenda kushoto, kidogo, kidogo tu, mlima na uje basi, sindano inatetemeka, inasita... inarudi, haijafika katikati, lakini inarudi, "Asante," limemtoka kwa sauti, "Mia saba," anasema Mwalimu Ebenezeri, "asante ya nini sasa? Hujatua," "Najua, mwalimu," mbele giza ni lilelile, futi zinaendelea kupungua, na haogopi tena...