Daraja la Onyiego

Onyiego aliiona filamu ile mara moja tu, mjini Nakuru, mwaka 1995, siku aliyompeleka mama yake hospitali. Aliporudi kwenye shamba la majani chai aliisimulia kwa wiki tatu.

Alisimulia kwenye banda la kupimia majani, wachumaji wakingoja trekta. Trekta ikitokea kwenye kona alinyamaza palepale, hata kama alikuwa katikati ya neno.

Shujaa hakuwa na jina. Alikuwa steringi tu, na bandani kila mtu alijua kanuni: steringi hafi. Ila steringi wa Onyiego alikuwa na tabia ya kugeuka nyuma. Jumatano moja alikuwa ameshavuka daraja lililotegwa baruti, akamwona muuza machungwa amekwama katikati, mtoto mgongoni. Akatupa bunduki. Akarudi darajani.

Trekta ikafika.

"Wewe Onyiego," Chepchirchir alisema akijitwika kikapu, "daraja gani hii haiishi? Imetoka hapa mpaka Londiani?"

"Nitamaliza kesho."

Kesho yake hakuja. Malaria ilikuwa imepanda milimani Juni hiyo, na baada ya siku tisa walimzika kwao, ng'ambo ya Chepilat. Mkewe, Bochaberi, alirudi kuchuma baada ya wiki mbili. Yeye pia alikuwa akisikiliza bandani. Nyumbani hakuwahi kumwuliza mwisho. Aliona kuuliza ni kuiba zamu ya wenzake.

Ilipita miaka miwili. Gibson Kipsang, aliyeonyesha video katika ukumbi wa wafanyakazi kila Jumapili baada ya kanisa, akaleta kaseti yenye picha ya mtu amesimama juu ya helikopta, bunduki mikono yote miwili.

"Mama Bosire," Chepchirchir alimwambia Bochaberi, "ile ya bwana yako imefika. Mimi sitaweza kwenda, ng'ombe yangu inazaa. Utaniambia kama alimfikia huyo mama."

Bochaberi alikaa benchi la mbele. Hakutaka kujua jingine.

Steringi aliua watu wapatao arobaini bila kujaza risasi. Helikopta tatu zilianguka. Ya tatu iliangushwa kwa pikipiki. Vijana walishangilia ya kwanza, wakaicheka ya pili, na kwenye ya tatu wengine walikuwa wameshatoka nje. Daraja lilikuja karibu na katikati. Steringi alivuka kwa pikipiki, daraja likalipuka, machungwa yakaruka hewani. Hakugeuka. Alikuwa anavaa miwani.

Filamu ilipoisha, Bochaberi alibaki.

"Rudisha pale kwa daraja."

"Mama, steringi alitoka mzima," Kipsang alisema. "Hata shati haikuchafuka."

"Rudisha tu."

Alirudisha mara mbili. Sehemu yenyewe ilichukua sekunde nne. Kulikuwa na mwanamke mwenye kapu la machungwa. Hakuwa na mtoto. Kisha moshi.

"Hakuna ingine? Ndefu kuliko hii?"

"Ni hii moja, mama. Na hata hii ni mingi."

Jumatatu bandani, Chepchirchir alimsogezea nafasi akae. Njiani Bochaberi alikuwa ametengeneza jibu zuri: alimfikia, akambeba mtoto, wakavuka. Chepchirchir angelikubali.

"Haya. Alimfikia?"

"Hakurudi. Hata hakumwona."

"Si Onyiego alisema alirudi?"

"Huyo wa Onyiego alirudi."

"Na akamfikia?"

Bochaberi alishindilia majani kwenye kikapu, ingawa yalikuwa yameshashindiliwa.

"Sijui," alisema. "Sikumwuliza."

Chepchirchir alifungua mdomo, lakini trekta ilikuwa imetokea kwenye kona. Wote wakanyamaza, kama walivyozoea.