Kosa la Kunyamaziwa

Balthazar hupenda kusimulia kwamba alizaliwa akiongea, mkunga akamsihi alie kwanza. Wanaomfahamu hawabishi. Tangu aache kazi ya bohari kule St Marys, ughaibuni, kila Jumamosi hukalia kiti cha mweka alama kwenye ligi ya besiboli ya wasichana, kitabu magotini, mdomo ukienda kama cherehani. Sheria alijifunza mwenyewe, akizisoma wakati wa chai huku wenzake wakisinzia.

Leo lakini alikuwa na mlinzi. Wiki mbili nyuma alimpigia kelele mjukuu wake Divine kwa Kiswahili, "Rusha chini!", naye mweka alama hana upande. Kamati ikamwonya: neno moja tena la kusaidia timu, kitabu anakirudisha. Wakamketisha kando yake Jerotich, muuguzi Mkenya, ambaye binti yake alichezea timu pinzani ya leo. Kiswahili cha kujifichia kikawa hakipo.

"Mzee, mimi nasikiliza tu," alisema Jerotich.

"Sikiliza, mama. Nilishaona mpira uliopigwa St Marys ukaingia dirishani mwa treni, ukashuka Doonside bila tiketi."

Jerotich alicheka. Ilikuwa raundi ya mwisho ya fainali, Doonside, timu ya Divine, wakiongoza kwa pointi moja, na Divine, mrushaji wao, alihitaji kumtoa mtu mmoja tu. Mpinzani mmoja alikuwa amesimama kituo cha pili.

Akaja mpigaji, jezi namba kumi na mbili. Balthazar akashusha macho kitabuni. Zamu ilikuwa ya namba nane.

Akafunga mdomo.

Divine akarusha. Paa! Mpira ukapita katikati ya uwanja, yule wa kituo cha pili akakimbia hadi kituo cha nyumbani. Sare.

Balthazar aliijua sheria. Doonside wakilalamika sasa, namba nane anahesabiwa ametoka, pointi inafutwa, ubingwa ni wao. Ukirushwa mpira mmoja tu kwa mpigaji anayefuata, kosa limehalalishwa. Na sheria inasema mweka alama akiliona asimwambie yeyote. Akakaza meno. Mpigaji mwingine alikuwa tayari anakanyaga udongo kwa viatu.

"Treni ikafika, halafu?" aliuliza Jerotich.

Balthazar akainamia kitabu.

Divine aliinua mkono kurusha, akausimamisha. Akageuka kumtazama mweka alama. Miaka yote babu yake hakuwahi kukaa kimya hivi, hata kanisani. Na nyumbani mezani, maharage yakiwa mdomoni, mara ngapi alimchosha kwa swali lile lile: kosa gani mweka alama akiliona lazima alimeze? Balthazar akatazama penseli yake. Alihofia hata kupepesa jicho.

"Time, please!" Divine alimwita mwamuzi. "She batted out of order!" Amepiga si zamu yake.

Mwamuzi akachomoa karatasi yake ya zamu, akaja kulinganisha na kitabu. Kidole kikashuka, kikapanda, kikashuka tena. Ngumi ikapaa: namba nane ametoka. Mchezo umekwisha.

Kocha wa timu pinzani akaja mbio, uso mwekundu, akimnyooshea Balthazar kidole: huyu mzee ndiye aliyewaambia! Wote wakamgeukia Jerotich. Binti yake alikuwa amesimama pale, machozi yanamlengalenga.

Jerotich alimtazama bintiye. Kisha akamwambia kocha kwa Kiingereza kwamba mzee hakusema neno wala kutoa ishara. Akamgeukia Balthazar.

"Hata kukohoa hujakohoa. Nitakushtaki nini, kwamba ulinyamaza? Shika kitabu chako, Mzee."

Balthazar akaandika: aliyemtoa mpigaji ni mdakaji.

Yvette, mdakaji mwenyewe, alichungulia begani kwake. "Lakini mimi sijagusa kitu!"

"Sheria imekupa, mtoto. Pokea." Akavuta pumzi ndefu. "Sasa, mama Jerotich, ile treni. Kondakta alipouona mpira umekaa kwenye kiti cha wazee..."