Upande Mmoja wa Santuri

Kwa miaka mingi mume wangu Renatus aliniomba jambo moja kila Jumapili, na kila Jumapili nilimnyima. Aliomba nikae naye tusikilize upande mmoja wa santuri. Upande mmoja tu, dakika ishirini hivi, halafu niendelee na mapishi yangu.

Santuri zenyewe alizipata kwenye hoteli ya ufukweni alikokuwa mpokea wageni. Hoteli ilipofungwa, wenzake waligombania mashuka na friji. Yeye akarudi nyumbani, wakati huo tukikaa Igogo, na gramafoni na makasha mawili ya santuri. Za kizamani hizo, za wanaume waliovaa tai na mabibi wa magauni marefu, wanaimba polepole kama watu wasio na pa kwenda, fidla zikiwabembeleza kwa nyuma. Nilimwambia wazi kwamba wenzake wamepata mashuka, yeye amepata kelele. Akacheka. Renatus ni mtu wa kucheka, na hilo lilinikera zaidi.

Mimi ni mtu wa kwaya. Naimba sauti ya pili tangu nikiwa msichana kule Bukoba, na nimefundisha watoto wa shule ya msingi kuimba mpaka nikastaafu. Kwangu muziki ulikuwa watu wamesimama wima, vinywa wazi. Mtu anayenong'ona kwenye kipaza sauti habari za mwezi na mvua nilimwona mvivu. Kwa hiyo tukishatoka misa, Renatus akiweka sindano na kuita, "Mama Kemi, njoo ukae basi," nilimjibu kutoka jikoni, "Ndizi zitajipika zenyewe?" Siku nyingine nilianzisha wimbo wa kwaya kwa nguvu zangu zote, mpaka apunguze.

Tulipohamia Mkolani nyumba ilikuwa ndogo zaidi na uvumilivu wangu pia. Nikaenda sokoni Makoroboi nikamnunulia hedifoni, zile kubwa za kufunika sikio zima. Nilimpa zikiwa ndani ya boksi lake na nikajiona nimetenda wema.

"Sasa sikiliza mpaka ushibe," nilimwambia, "na mimi nipumzike."

Alizigeuzageuza mkononi, akasema asante. Jumapili iliyofuata hakuniita, wala ile nyingine. Nikasema moyoni, nimeshinda.

Miaka tisa alikaa kwenye kochi na hedifoni zake. Alikuwa akiongeza sauti kidogo kidogo, hadi jikoni nikawa nasikia zinalia kama mbu. Nikaona ni ujeuri. Baadaye akawa hajibu nikimwita, na hilo nalo nikaliona ujeuri. Nilimnunia wiki nzima kabla sijaelewa kwamba hanisikii.

Mwaka jana nilimpeleka kwa daktari wa masikio, kijana mmoja mpole anaitwa Shigela. Alimpima, kisha akanigeukia.

"Mama, mzee alikuwa na mazoea ya kusikiliza vitu kwa sauti kubwa? Labda kazini, kwenye mashine?"

"Hapana, daktari."

Nilidanganya hivyo hivyo, mkavu, na Renatus ameketi ubavuni kwangu anatabasamu, kwa sababu hakusikia swali wala jibu. Daktari alisema uzee una sehemu yake, lakini hali ile mara nyingi husababishwa na kelele za muda mrefu. Vifaa vya kusikia tulijaribu, vikamletea mivumo mitupu. Tangu hapo tunazungumza kwa daftari. Mimi naandika, yeye anajibu kwa sauti kubwa kama anaita mtu aliyeko Sengerema, ng'ambo ya ziwa.

Pasaka iliyopita binti yetu Kemilembe alikuja kututembelea. Akiwa anafuta vumbi sebuleni aliweka santuri moja, ya bibi mmoja nisiyemjua jina. Mimi nilikuwa nachambua mchele. Kabla ya ubeti wa pili yule bibi alivuta pumzi, nikaisikia. Kwenye kwaya pumzi ikisikika nakemea. Hii niliisikiliza. Alikuwa anaimba kama anaongea na mtu mmoja tu, aliye karibu naye kabisa, wala hana haja ya kupaza. Nilikaa chini na ungo wangu na nikalia kwa hasira. Kilikuwa kitu kizuri, na kilikuwa nyumbani kwangu miaka yote hiyo.

Jumapili baada ya Kemi kuondoka niliweka santuri ile mwenyewe, nikakaa kwenye kochi kando ya mume wangu. Aliitazama ikizunguka, akanitazama mimi. Niliandika: *Nimekuja kukaa.*

Alicheka kama zamani. "Ameshaanza kuimba?" akauliza kwa sauti kubwa. Nikatikisa kichwa kukubali.

"Subiri, kuna mahali piano inabaki peke yake. Ikifika, niambie."

Piano ilipobaki peke yake niliinua mkono, naye akainua wake, tukaangaliana kama wachumba. Ilikuwa raha, siwezi kusema vinginevyo. Kwa sababu ya raha hiyo sikuweza kuendelea kumficha. Nikaandika: *Hedifoni nilizokununulia ndizo zilizokuharibu masikio. Daktari aliniuliza, nikamdanganya.*

Alisoma mara mbili, akavua miwani.

"Masikio ni masikio tu, yangezeeka," alisema, safari hii kwa sauti ndogo. "Siku ile ulipoleta lile boksi ndipo nilipojua hutakuja kukaa. Hilo ndilo lililoniuma, Prudencia."

Hakuwa ameniita jina langu tangu Kemi azaliwe. Nilishika kalamu, nikaandika kwa herufi kubwa zile za kuandikia ubaoni: *NISAMEHE.* Nilizikoleza moja moja, nikachelewa. Nilipoinua kichwa alikuwa ameegemea kochi, amefumba macho, na kidole chake kinapiga taratibu kwenye paja, kikiufuata wimbo anaoukumbuka.

Upande ule uliisha. Sindano ikawa inakwaruza patupu, na kidole chake kiliendelea. Nilikaa nimelishika daftari wazi mbele yake, nikisubiri afumbue macho.