Namba za Florent

Walipofika pale Florent aliposema yupo, Florent hakuwepo. Palikuwa na mawe meusi ya volkano na ukungu, na mzee Kataliko, kiongozi wa kikundi chao cha kutembea milimani, akiikodolea macho GPS yake. Mshale ulisema wamefika.

Pascasie, aliyeandamana naye, hakutaka kusikia habari za mshale. Aliyepotea alikuwa mdogo wake, tumbo moja, tena alikuwa mahali pabaya. Florent alitangulia peke yake juu ya kijiji cha Munigi, kando ya Goma, kutafuta njia ya matembezi ya Jumapili, kichwa kigumu kama kawaida yake, akateleza na kuvunjika mguu ndani ya shimo la mawe. Katika mashimo hayo hulala mazuku, hewa mbaya inayopanda kutoka ardhini, haina rangi wala harufu. Mbuzi huingia mzima, asitoke. Mchana upepo huipeperusha kidogo, lakini jioni upepo ukitulia, shimo hujaa. Na jioni ndiyo hiyo ilikuwa inaingia.

Vifaa vyao, GPS za mkononi zenye redio ndani, vingeweza kupashana vyenyewe mahali vilipo. Lakini Florent, mtu wa mambo yake, alirudi kutoka Ulaya na chake cha aina nyingine, ambacho kwa hivi vyao kilipeleka sauti tu. Basi alizisoma namba kwa mdomo, kwa Kifaransa kama watu wa Goma wasomavyo namba, redio ikikoroma, na Kataliko akaziingiza. Baada ya hapo sauti yake ikawa nzito, halafu ikakoma.

Kataliko hakuwa mtu mbaya. Alisema kwa upole kwamba giza likiwakuta kwenye mawe yale watavunjika miguu wote, afadhali warudi alfajiri na watu wengi.

"Kesho tutabeba maiti, muzee," Pascasie alisema. "Miye sirudi. Uniambie tena zile namba, vile alizisema."

Kataliko alizirudia. Ya mwisho ilikuwa soixante-six, sitini na sita. Pascasie akamwuliza kama Florent alitamka hivyo hasa. Mzee akafikiri. Alisikia soixante, kisha kitu kama six, na baada ya soixante kingefuata nini kingine?

Hapo Pascasie akang'amua. Kwa watu wa Goma sabini ni septante, tangu shule ya msingi. Ni Florent peke yake, tangu arudi kutoka Lyon huko Ulaya, aliyehesabu soixante-dix, soixante-onze, yaani sitini na kumi, sitini na kumi na moja, na nyumbani kwao, mtaa wa Mapendo, walimcheka mpaka mama yao akawakataza. Redioni Florent alisema soixante-seize, sitini na kumi na sita. Ilikuwa sabini na sita, si sitini na sita, na walikuwa wamemkosa kwa karibu kilomita nzima.

Kataliko hakushawishika. Alisema hiyo ni kubahatisha, na nguvu zao zimebaki kidogo. Pascasie, ambaye Florent humwita yaya, yaani dada mkubwa, akachukua redio yake.

"Florent, ni miye yaya yako. Usiseme kitu. Kama ni septante-six, finya bouton ya redio mara mbili."

Redio ilikaa kimya hadi Kataliko akainamisha kichwa. Kisha ikakwaruza. Ikanyamaza, ikakwaruza tena.

Mzee alibadilisha namba, nao wakaenda, pengine kwa miguu, pengine kwa kutambaa, mawe yakiwakata viatu. Pascasie alizungumza redioni njia nzima. Alimwamuru Florent ajivute, kichwa kiwe juu, asilale. Alimtukana, akamwombea, akamtukana tena. Hakujibiwa. Upepo ulikuwa umekufa kabisa. Alikuwa akisema "Florent, unisikie" aliposikia sauti yake mwenyewe ikisema maneno hayohayo kwenye redio ya Florent, kutoka ndani ya mawe, mbele yao kidogo.

Florent alikuwa amejivuta hadi karibu na ukingo, mkono mmoja juu, uso umelala kwenye jiwe. Pascasie alitaka kuruka ndani. Kataliko akamkamata mkanda, kwa kuwa anayemfuata mwenzake kwenye mazuku hubaki naye. Basi akalala kifudifudi, mzee akamkalia miguu, naye akabana pumzi, akashika kiganja cha mdogo wake kwa mikono miwili na kuvuta mpaka mabega yakaalika. Walimkokota hadi mahali pa juu, wakamgeuza, wakangoja. Muda ulikuwa mrefu. Ndipo akakohoa.

Pascasie alimshika mashavu. "Sema septante," alimwambia.

Florent alifumbua jicho moja.

"Septante, yaya," alinong'ona, na Pascasie akaangua kilio mbele ya mzee Kataliko bila haya yoyote.